Mwashuma: Jinsi Uwanja wa Magari Ulivyoanza

1.

Kabla ya uwanja kulikuwa na barabara. Ilinyooka kama uzi wa mwashi, kutoka daraja la reli hadi kiwanda cha mkonge. Jumapili alasiri vijana walishindana humo, magari mawili mawili, watu wamejipanga kandokando kama wanaomngoja bwana harusi.

Mkawasi aliuza chai pale darajani, na ndiye aliyepeperusha kitambaa cha kuanzia. Mwenye Datsun nyekundu, Mwandoe, alikuwa kaka yake. Siku ile kitambaa kilishuka kama siku zote.

2.

*Maelezo ya Gurnam Singh, fundi wa magari, mbele ya polisi*

Tulikuwa sambamba. Mimi kulia, marehemu Mwandoe kushoto. Trekta la mkonge likatoka shambani, likakata barabara. Mimi nilipata upenyo. Yeye

*(Shahidi ameshindwa kuendelea.)*

3.

TANGAZO

Wananchi wote wa lokesheni ya Mwashuma mnaarifiwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kushindanisha magari barabarani. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali za kisheria.

Kwa amri ya Chifu.

4.

*Yaliyosikika kwenye mashine ya kusaga mahindi*

— Wameacha?

— Waache wapi. Wamehamia njia ya machimboni.

— Ile yenye kona?

— Hiyo hiyo.

5.

Mkawasi alipokwenda kwa chifu, watu walidhani amekwenda kushukuru. Chifu mwenyewe alidhani hivyo, akamvutia kiti, akampa pole upya. Mkawasi akapokea pole. Kisha akasema anataka ule uwanja wa ndege wa kampuni ya mkonge, uliokuwa umeota nyasi tangu kampuni iuze ndege yake. Vijana washindane huko, mahali pasipo trekta wala mtoto anayevuka.

Chifu alimkemea kwa muda mrefu. Alimkumbusha kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Mkawasi alimwacha amalize.

"Umewakataza, mzee. Wameacha?"

Chifu akatazama dirishani.

"Basi nipe barua niipeleke kwa meneja," akasema Mkawasi.

6.

Wewe unayesoma, ungemwambiaje mama yako jambo kama hilo?

Mkawasi alimwambia jikoni, akimenya viazi. Mama Mghoi hakumjibu. Aliendelea kumpakulia chakula kila jioni, akakiweka mezani, akaondoka. Masika yakapita hivyo.

Sahani.

Mlango.

7.

Meneja alikubali, na vijana wakafyeka nyasi. Walibomoa vichuguu, wakafukia mashimo ya ngiri. Siku ya pili Gurnam alikuja na panga lake, akasimama mbali. Tangu mazishi alikuwa akitengeneza magari ya watu bila kuyaendesha. Yakipona, aliwaachia wenyewe wayatoe gereji.

Mkawasi alimwona. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia, mengi na machungu, lakini siku hiyo yalikuwa mazito kuliko kamba aliyoshika. Akamnyooshea ncha moja.

"Vuta," akasema.

Wakavuta, wakanyoosha, wakamwaga chokaa juu ya alama. Mstari wa kwanza wa uwanja ulichorwa na hao wawili.

8.

TANGAZO

Uwanja umekaguliwa na kuonekana unafaa. Mashindano yatafunguliwa rasmi Jumapili hii, saa nane mchana. Watazamaji wakae nyuma ya kamba. Wote mnakaribishwa.

Kwa idhini ya Chifu.

9.

Watu walifurika. Chifu alikaa chini ya turubai, amevaa kofia yake ya kazi. Katika gari la kulia alikuwa Gurnam, mikono juu ya usukani kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mkawasi akainua kitambaa.

Ndipo umati upande wa kushoto ulipopasuka, na Mama Mghoi akapita chini ya kamba. Hakumtazama binti yake. Alikatiza kati ya magari mawili yanayonguruma, akaingia uwanjani. Gurnam akazima injini. Mwenzake naye akazima.



Alitembea polepole, viatu mkononi, katikati kabisa ya uwanja, na Mkawasi nyuma yake, asithubutu kumshika. Walifika mstari wa mwisho. Baada ya chokaa kulikuwa na kipande kifupi cha ardhi, kisha miiba, kisha mtaro wa kampuni.

Mama alipatazama sana.

"Pa kukimbilia nimepaona," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa Mkawasi tangu siku ya viazi. "Pa kusimamia ni wapi?"

Mkawasi akaitazama ile miiba, akautazama mtaro. Wote walikuwa wamepima mbio. Hakuna aliyepima hapa.

"Hapatoshi, mama."

Kule mwanzo miluzi ilikuwa imeanza. Mama Mghoi akaweka viatu chini, akajifunga leso kiunoni, akashika kichaka cha kwanza cha miiba.

Mkawasi akakunja kitambaa, akakitia kwapani, akaanza safari ndefu ya kurudi kwenda kuwaambia waje na mapanga.