Siku Saba za Kuuliza Bei

Wivu, Saleha binti Idarusi aliusikia kwa watu tu. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, tena kwa sauti ya kutosha ili barabara nzima ya kumi na nne, Ngamiani, ifaidike. Wengine waliugua wivu kama mafua. Yeye, kwa maelezo yake, alizaliwa bila hicho kiungo.

"Mimi nikiona mwenzangu kapata, nalala usingizi mnono," alisema Jumapili ile akimenya muhogo uani, na mama yake akamtazama kwa jicho la mtu aliyemzaa.

"Vizuri," mama alisema. "Basi ukimaliza, mchukue mgeni."

Mgeni ni Hasina, binti wa Kingazija aliyekuja kutoka Moroni kusomea uuguzi. Alikuwa amepanga chumba cha mbele na ndiyo kwanza alikuwa na siku mbili tangu afike Tanga. Mama alitaka apelekwe sokoni na madukani, aonyeshwe wapi kunanunuliwa nini, na kwa namna gani, asije akapigwa bei ya mgeni.

Na kweli Saleha alimfundisha vizuri, maana hakuna alichokipenda kama kujua jambo mbele ya mtu asiyelijua. Alimwonyesha kwamba fungu la nyanya halitazamwi juu. Unainua mbili tatu, unaziona za chini, ndiko walikojificha wagonjwa. Nazi unaitikisa sikioni usikie maji yake. Ukienda kununua mafuta ya kupima, nenda na chupa yako, na usikubali kwamba imejaa mpaka povu litue. Muuzaji akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza, bei baadaye. Hasina aliyaandika yote kwenye daftari dogo la kijani.

"Na mkate?" aliuliza.

"Mkate haubonyezwi. Ukiubonyeza, umeuoa."

Hasina akaandika.

"Halafu ukishanunua, usiondoke. Simama kidogo, sema 'niongeze basi.' Atakulalamikia, atakutajia watoto wake mmoja mmoja, kisha atakutupia bamia mbili. Hiyo ndiyo nyongeza. Usipoidai hupewi."

Walimalizia duka la Nasri, pale kwenye kona, hatua arobaini kutoka nyumbani. Mchele, dona, sukari, viungo, sabuni ya kipande, vyote vilikuwamo. Nje barazani alikaa Bi Praxeda, mama wa makamo kutoka Maramba, akikaanga vitumbua. Watu walimwona Bi Praxeda walipotaka kitumbua. Wakishakipata walimsahau, kama nguzo ya baraza.

Kwenye duka hilo Saleha alikuwa na cheo: yeye ndiye aliyelifungua kila asubuhi. Si kwa ufunguo. Wenye maduka wana imani yao: mteja wa kwanza akinunua, hata kama ni kiberiti, siku imefunguka, akiuliza bei na kuondoka mikono mitupu, kaacha mkosi mlangoni. Miaka minne nyuma Nasri alimwambia Saleha kwamba ana mkono wa heri. Akifungua yeye, unga unakwisha kabla ya adhuhuri. Saleha alilibeba neno hilo nyumbani. Kwa miaka minne alilikunja na kulikunjua, mpaka likawa posa, likawa mahari, likawa bwana harusi aliyevaa joho. Kilichobaki ilikuwa Nasri naye apate habari.

Siku hiyo Hasina alinunua robo ya sukari na iliki kidogo. Nasri akapima, akafunga, akampa. Kisha, mtu hajasema neno, akachota iliki nyingine tatu akazidondosha kwenye kiganja cha mgeni.

"Nyongeza," alisema. "Karibu Tanga."

Saleha alizitazama iliki zile. Kwa miaka minne alikuwa ameidai nyongeza dukani humo mpaka koo kukauka, na kubwa alilowahi kupata ni kipande cha tangawizi kilichozeeka kuliko Nasri mwenyewe. Kuna kitu kikamkaa chini ya kifua, kizito, cha moto. Alidhani ni ule muhogo.

Walipotokeza barazani Hasina alisimama kufungua daftari lake. "Nimesahau kiberiti. Nije kesho asubuhi?"

"Njoo alfajiri, anapofungua tu," Saleha alisema, na sauti yake ilikuwa tamu hata ikamshangaza mwenyewe. "Lakini usinunue. Kwetu hapa, mgeni akishauziwa mara ya kwanza kwenye duka, siku saba zinazofuata anakuja kuuliza bei tu. Uwe wa kwanza, kabla ya watu. Unauliza huku, unauliza kule, vitu kumi, kumi na kimoja. Halafu unasema ahsante, unaondoka. Ndiyo heshima yetu."

"Na kiberiti?"

"Nitakuazima."

Hasina akaandika: siku saba. Mafuta ya Bi Praxeda yalichemka. Saleha akampa mkono mgeni wake, wakaenda zao.

Kesho yake Saleha alijibanza nyuma ya mlango wao, jicho moja kwenye ufa. Akamwona Hasina anaingia dukani na daftari, akamwona Nasri anainua kichwa. Mgeni alionyesha mchele, akaonyesha dona, akaonyesha sabuni, mdalasini, utambi wa jiko. Akainamisha kichwa kwa adabu na kutoka mikono mitupu. Saleha akangoja Nasri akunje uso. Ufa ulikuwa mwembamba, uso wa Nasri hakuuona.

Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu, Saleha alikwenda baadaye kununua sukari, makusudi aikute hasira. Akamkuta Nasri anapiga mluzi. Ya nne, Nasri alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Usiku wa siku hiyo yule aliyezoea usingizi mnono alizihesabu boriti za dari moja moja, akazirudia.

Siku ya tano, Hasina alipokwisha kuuliza na kwenda chuoni, Nasri alitoka barazani akampungia mkono Saleha aliyekuwa mlangoni kwao, avuke.

"Karibu, dada angu. Kaa kwenye kiti."

Kile kiti cha nyuma ya kaunta hakikuwa kikikaliwa na mteja. Saleha alikiwaza miaka minne. Sasa alikaa, ila lile "dada angu" lilikuwa limetangulia kukaa.

"Mgeni wenu," Nasri alisema. "Anakuja kila alfajiri, mtu wa kwanza. Anauliza bei ya vitu kumi na kimoja. Jana kauliza utambi wa jiko mara ya nne, na kwenu mnapikia gesi. Hanunui hata kiberiti. Sasa wewe ni mtu mwenye akili, niambie. Mtu asiyenunua kitu, dukani hufuata nini?"

"Anakuletea mkosi," Saleha alisema haraka. "Wewe mwenyewe ulisema. Anayeuliza na kuondoka."

"Nilisema. Siku ya kwanza nilikaa hapa nikiungoja huo mkosi. Saa nne dona likawa limekwisha." Nasri akafuta kaunta iliyokwisha kufutwa. "Jana sukari gunia zima. Nikajua, huyu bidhaa hazitaki. Anamtaka muuzaji, anaona haya. Mbona ni mtoto mwenye adabu. Nimeshamwambia shangazi Jumapili aje kuzungumza na mama yako, maana ndiye mwenyeji wake. Nilitaka kukuuliza kwanza, huko kwao hana mtu?"

Saleha aliiona Jumapili yote: shangazi wa Nasri amekaa kwenye mkeka wao, mama akimwita yeye, Saleha, alete kahawa. Na kahawa yenyewe ina iliki.

"Nasri, hakutaki," alisema. "Kadanganywa masikini. Kaambiwa ni desturi ya Tanga. Mgeni aulize bei siku saba ndipo anunue. Anafuata alichofundishwa, wewe hapo humo kabisa."

Mkono wa Nasri ukasimama juu ya kaunta. Shati lake lililosimama likaonekana kama limeanza kukaa.

"Siku saba?"

"Siku saba."

"Desturi hiyo mimi nimezaliwa hapa siijui. Nani kamwambia?"

"Mimi nitajuaje?" Saleha alitengeneza mtandio wake. "Hawajulikani watu wa mtaa huu. Mtu mwingine ana wivu tu, kamwona mgeni mzuri, anataka umfukuze. Roho mbaya, Nasri. Mimi nashindwa hata kuwaelewa watu wa hivyo. Ningekuwepo ningemkanya."

"Ulikuwepo," sauti ilisema kutoka barazani.

Bi Praxeda hakuwa amegeuka. Alikuwa na kijiti chake mkononi, akikizungusha kitumbua ndani ya mafuta, taratibu, upande wa pili upate rangi.

"Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Ulisimama hapo ulipo mkaa wangu," alisema. "Nilikuwa nageuza. Ukamwambia siku saba, vitu kumi, kumi na kimoja, na ahsante asisahau. Kiberiti ukasema utamwazima. Nikajua mmekubaliana nyinyi vijana, nikanyamaza."

Nasri alimtazama Saleha, kisha akakitazama kiti alichomkalisha, kana kwamba ni bidhaa aliyoipima vibaya.

Bi Praxeda akakitoa kitumbua, akakiweka kwenye sinia, akamimina uji wa kingine.

"Leo ndiyo ya tano," alisema. "Zimebaki mbili, Saleha mwanangu. Mgeni utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi kesho akipita?"