Tembo Asiye na Ukurasa wa Mwisho

Watoto wa mtaa walimwita Mzee Usingizi, naye hakukasirika. Kwa mtu mwingine jina hilo lingekuwa tusi. Kwake lilikuwa cheti. Alikuwa mtunzi wa vitabu vya picha vya kusomewa watoto kitandani, na kazi yake aliipima kwa kipimo kimoja tu: msikilizaji amelala akifika wapi.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda cha mjukuu wake, miwani puani, penseli sikioni, akasoma mswada. Mkewe, fundi cherehani aliyekwisha kuacha kushona kwa sababu ya macho, alisimama mlangoni kusikiliza. Mjukuu akifumba macho, mzee alitia alama kwenye mstari huo. Kesho yake alifuta neno lililomchangamsha mtoto, akaweka la upole zaidi, na usingizi ukaja mapema zaidi.

Mswada mpya ulihusu tembo anayetafuta pa kulala. Alikwenda shimoni, kichakani, nyuma ya jiwe. Kila mahali alijaribu, akajigeuza, akasema, "Asante, lakini si hapa." Kufikia kichakani mjukuu alikuwa hoi, na bibi yake ameegemea fremu ya mlango kama ufagio. Mzee akaona kazi imeiva, akaipeleka kwa mchapishaji.

Mhariri akampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeusoma?"

"Nimeusoma. Safari hii nilisoma nikiwa nimesimama, ndiyo maana nimefika mwisho. Tembo anaishia wapi?"

"Una maana gani, anaishia wapi?"

"Kurasa za mwisho ni nyeupe, mzee."

Mzee akachukua nakala yake, akaifunua. Nyeupe pe. Tangu aanze kuutunga, hakuna aliyewahi kufika huko, na yeye mwenyewe, ukweli usemwe, hakuwahi.

Mhariri akapunguza sauti. "Kikao ni Alhamisi. Meneja wa mauzo anasema watoto wa leo wanataka kitabu chenye kitufe cha kelele. Ameleta kitabu cha tingatinga, ukilibonyeza linanguruma. Nafasi ni moja. Tingatinga likipita, vitabu vya kulalia tunaviacha moja kwa moja. Njoo na mwisho, mzee wangu."

Mzee hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Alikuwa mtu wa kujitambulisha kama mtunzi hata kwa kinyozi aliyemnyoa miaka yote. Akakaa mezani, akatunga mwisho. Jioni akausoma, wasikilizaji wakalala kichakani, mwisho haujafikiwa. Akatunga mwingine, mambo yakawa yale yale.

"Si uanze na huo mwisho?" mkewe akamwambia.

Akaanza nao.

"Haya, tembo amelala," mkewe akasema. "Sasa huko kichakani anafuata nini? Huyo si tembo tena, ni mzururaji."

Alhamisi mzee akavaa koti lake la heshima, akaenda na kurasa zake nyeupe. Neno ambalo halijasikilizwa na mtu hakuliweka kitabuni, na kikao kisingemfanya aanze leo.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na chupa ya chai. Walikuwepo meneja wa mauzo, mhasibu, mhariri, na mchoraji aliyechora vitabu vya mzee tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mchoraji huyo alikuwa ameziba masikio kwa pamba. Alikuja kwa pikipiki, na alitaka kurudi salama.

"Soma, mzee, lakini kwa ufupi," meneja akasema. "Nina mambo mengi."

Mzee akasoma. Tembo alipokuwa shimoni, meneja akashika tama. Kichakani kidevu kikamteleza, kichwa kikatua juu ya mikono. Mhasibu akafuata, mdomo wazi. Mhariri alijitahidi sana. Alijifinya, akanywa chai, mwishowe akalaza shavu mezani karibu na kikombe. Mzee akafika kwenye kurasa nyeupe. Akanyamaza, maana hakukuwa na la kusoma. Feni ikazunguka. Kalamu ya mchoraji ikakwaruza karatasi.

Kimya ndicho kilichowaamsha.

"Naam!" meneja akasema, akijifuta mdomo. "Mwisho huo umenigusa."

"Hasa pale mwishoni kabisa," mhasibu akadakia.

Kitabu kilikuwa kimepita. Mzee alihitaji tu kuitikia kwa kichwa. Lakini hakuwahi kupokea sifa ya mstari ambao hakuutunga.

"Mwisho upi, meneja?"

"Ule... wenye utulivu."

"Sijausoma. Haupo."

Mhariri akafumba macho, safari hii kwa kukata tamaa. Mchoraji, aliyeona midomo imeacha kucheza, akatoa pamba masikioni na kusukuma karatasi yake katikati ya meza. Tembo alikuwa amejikunja chini ya meza ndefu, mkonga juu ya kiatu cha mtu. Juu yake walilala watatu: mmoja juu ya mikono, mmoja mdomo wazi, mmoja shavu kando ya kikombe. Pembeni hapakuwa na neno hata moja, wala halikuhitajika.

Wakainama wote kuitazama.

"Mimi sikoromi hivyo," meneja akasema.

"Picha haina sauti, bosi," mchoraji akajibu.

"Ndiyo, lakini inaonekana." Akaivuta karibu, akaitazama tena, akapiga mwayo. "Tingatinga lisubiri. Ila mimi nigeuze mnyama. Niwe simba."

Kitabuni akawa ngiri.

Nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Wamesemaje?"

"Walilala."

"Wote?"

"Meneja ndiye wa kwanza."

"Hongera, mume wangu." Akakunja shati, akalipapasa likanyooka. "Na mwisho je? Umepatikana?"

"Umepatikana. Hauna maneno, ni picha tu."

"Afadhali," mkewe akasema. "Nitautazama asubuhi."