Kiganja Kidevuni

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, bibi alimpakata Kidoti, akambana mikono kwapani mwake, akakunja kiganja kama kikombe chini ya mdomo wa mtoto na kumimina uji. Mtoto wa miezi kumi atakimbilia wapi? Uji ukishamfika puani humeza, ili apate kuvuta pumzi. Mama yake, nesi wa kliniki ya watoto, muda huo huwa chumbani akifunga vifungo vya sare, redio kaipandisha sauti kidogo. Kilio alishakizoea.

Asubuhi hiyo kilio kilikatika ghafla.

Nesi alitoka mbio, vifungo viwili wazi. Kidoti katoa macho, midomo imebadilika rangi, na bibi anampuliza utosini. Akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akampiga mgongoni. Moja. Mbili. Tatu. La nne likatoa bonge la uji, kisha kikohozi, kisha yowe lililojaa nyumba nzima.

"Kapaliwa tu," bibi alisema, akijifuta kiganja kwenye gauni. "Nimekuza sita kwa mkono huu. Huyo mumeo, shingo kama nguzo, unadhani alikuzwa na kijiko?"

Mume alichungulia kutoka bafuni, povu shavuni. "Kuna nini tena?"

"Muulize mkeo. Anataka kunifanya muuaji."

Nesi alimpangusa mtoto uji puani. Kliniki alikuwa na maneno tele. Kila Jumanne aliwaambia kina mama: kijiko kidogo, mtazame machoni, akifunga mdomo ngoja. Lakini miezi mitatu nyuma, mstari wa uzito kwenye kadi ya Kidoti ulipoanza kuteremka, wenzake walimcheka: "Mtoto wa nesi anakonda! Sisi wengine tutapona?" Akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Jioni ile bibi alipomwambia, "Niachie mimi, mwezi mmoja tu utaona," alimwachia.

Mstari ukapanda. Mkubwa wake akaiomba ile kadi iwe mfano, na Jumanne iliyofuata nesi aliinyanyua mbele ya kina mama thelathini, akasema, "Haya ndiyo matunda ya kijiko na subira." Wakampigia makofi. Aliporudi nyumbani hakuweza kula.

"Kama kiganja changu kina nuksi," bibi alikuwa akisema, "nafunga virago leo hii. Tuone nani atakaa na mtoto wenu."

Hapo ndipo palipouma. Yaya wa kwanza alidumu wiki mbili, wa pili hakumaliza siku nne. Bibi akiondoka, sare inavuliwa.

"Mama Kidoti," mume alisema, "mwombe mama radhi, yaishe. Watu tuna kazi."

Radhi ilikuwa tayari ulimini. Mwaka mzima ilikuwa ikiishi hapo. Badala ya kuitoa, nesi alichota uji kidogo kwenye kijiko, akaupoza, akaketi sakafuni na mtoto mapajani. Akakisogeza taratibu.

Kidoti alikiona kikija. Akabana fizi, akageuza uso, akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwili wake mdogo ulitetemeka mpaka miguuni.

Nesi akangoja, kama anavyowafundisha kina mama. Akangoja tena. Mtoto alimtazama kwa pembeni, jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Si unaona?" Bibi alicheka, akanyoosha mikono. "Hakutaki na kijiko chako. Mlete huku, muuguzi mkubwa. Vyeti havilishi mtoto."

"Mpe mama," mume alisema.

Nesi alimkumbatia mtoto. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, inayokwaruza, na hakumtazama yeyote.

"Sikukuachia kwa sababu unajua, mama. Nilikuachia kwa sababu niliogopa kuchekwa, na nikakuogopa wewe. Kila siku nilimsikia mwanangu akizama, nikapandisha redio. Niliwadanganya wanawake wa watu kwa kadi yake." Akainuka na mtoto. "Funga virago ukitaka. Kazi nitaacha. Ila mkono wako hautagusa tena mdomo wa mwanangu."