Kambare Chini ya Kigoda Changu

Wiki tatu nilikaa kwenye kigoda changu ukingoni, nikarusha ndoano katikati ya mto nikaambulia visamaki vya ukubwa wa kidole. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema nikirudi tena bila kambare wa maana nimpe fimbo yangu ya kuvulia. Kwa ubishi nikakubali.

Jumamosi mke wangu aliniletea chai pale kwenye kona ya mto. Akakanyaga ukingo, akasimama.

"Baba watoto, hapa chini pana uwazi. Ardhi inadunda."

"Mizizi hiyo."

"Haya, endelea kuulisha mto chambo."

Nikadondosha ndoano miguuni pangu, ikazama chini ya ukingo. Chai haijapoa, fimbo ikapinda.

Shemeji alipomwona kambare, mrefu kama mkono wangu, aliuliza samaki huyo alikuwa wapi.

"Muulize dada yako," nikasema. "Mimi nilikuwa nimemkalia."