Vilima Viwili Vilivyobaki

Tangu habari zienee hapa Chala kwamba naandika kitabu cha maisha yangu, sijakosa wageni. Wanakuja na sukari, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Wanasema pole Mwalimu, wanakaa, wanazungumzia mvua, halafu wanafika kwenye jambo lililowaleta: "Na mimi nimo?" Alphonce, aliyekuwa mlinzi wa shule yetu, alitaka niandike kwamba hakuwahi hata siku moja kulala kazini. Nikamwambia hiki si kitabu cha hadithi za kubuni. Alicheka mpaka akakohoa, na jogoo akaniachia.

Mimi ni Klementina, mwalimu mstaafu, na nina saratani ya titi ambayo imeshaingia kwenye mifupa. Daktari alinieleza kwa sauti ya kubembeleza, kama vile naanza chekechea, nikamkatisha na kumuuliza imebaki miezi mingapi. Akasema tumwachie Mungu. Nikajua ni michache. Kesho yake nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika. Binti yangu Sharon ana duka la stesheneri Sumbawanga mjini, na kila Jumamosi anakuja kuchukua kurasa akazichape.

Mgeni mmoja tu hakuuliza kama yumo. Huyo ni Rozina, jirani yangu, ambaye wote tunamwita Mama Winifrida. Anakuja kila asubuhi na ndoo ya maji ya moto. Ananiogesha, anasafisha kidonda, ananikorogea uji wa ulezi na kunisimamia mpaka niumalize. Hakuna aliyemtuma. Siku moja, akiwa ananikausha mgongo, aliuliza:

"Mwalimu, Winifrida wangu umemwandika?"

Nilijifanya natafuta kanga yangu.

"Maana sina picha yake hata moja. Nilitaka awepo mahali."

Winifrida alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Radi ilimuua mwezi Machi mwaka 1998, akiwa na miaka kumi na mitatu. Na mimi kila nikitaka maji, kila nikitaka kuinuliwa mto, naita, "Mama Winifrida!" Miaka ishirini na saba sasa nalitamka jina la yule mtoto kwa sababu ya shida zangu ndogo ndogo.

"Nimemwandika," nilimjibu. "Sharon akimaliza kuchapa nitakupa ukurasa wake."

Akashukuru. Alinishukuru mpaka nikatamani anitukane.

Kweli nilikuwa nimeandika, na nilikuwa nimeandika vizuri. Radi ilipiga karibu na shule, mwalimu akakimbia kwenye mvua, akambeba mtoto mikononi mpaka kwao, akalia kuliko wote msibani. Kila neno lilikuwa kweli. Nilimbeba. Nililia. Ndiyo maana Rozina ananiogesha leo, anakumbuka machozi yale.

Jumamosi iliyofuata Sharon alikuja na kurasa zilizochapwa. Akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akapekua.

"Mama, kuna kitu sijakielewa. Hapa kwenye radi umesema ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Halafu chini umeandika marehemu alikutwa ameshika jembe. Jembe la nini saa za masomo?"

Miaka yote ile niliwasahihishia watoto insha nikiwaambia wasome tena kabla ya kukabidhi, na mimi sikusoma tena. Jembe lilijiandika lenyewe. Nikamwambia anipe ukurasa ule na kalamu, aende akamsalimie shangazi yake.

Haya ndiyo niliyoandika baada ya yeye kutoka.

Jumatano ile niliwatoa wanafunzi kumi na mmoja darasani nikawapeleka shambani kwangu. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, majani yamenishinda, na ulikuwa wakati wa kuyafukia kwenye vilima vya udongo, kama tunavyofanya Ufipa, ili yaoze na mwaka unaofuata tutawanye na kupanda ulezi. Walimu wengi walifanya hivyo, hakuna mzazi aliyeuliza. Wingu lilitokea upande wa ziwani, jeusi. Ngurumo ya kwanza ikasikika. Watoto wakaacha kulima wakanitazama, na Winifrida akasema, "Mwalimu, si ulitufundisha radi ikikaribia tusishike chuma wala tusikae mahali pa wazi?"

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Sayansi. Somo hilo nililifundisha wiki mbili kabla, nikachora mawingu na alama za umeme ubaoni. Yeye alikaa dawati la mbele.

Nikamjibu, "Usinifundishe kazi yangu. Malizeni vilima viwili vilivyobaki."

Hawakumaliza hata kimoja.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Wiki ileile Rozina alikuwa amegombana na dada yake wa tumbo moja, Otilia, kwa sababu ya mpaka wa shamba la maharage, na Otilia kwa hasira alisema, "Utaona." Watu walikuwa wamesikia. Baada ya maziko ukaitishwa mkutano, na kila mdomo ukawa unasema radi ile ilitumwa. Otilia alisimama katikati akiwa na kanga ya msibani, anasema mtoto yule alikuwa kama wake. Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma, na ulikuwepo. Radi ile ilikuwa ya kawaida?"

Lingetosha neno moja. Lakini ningesema ni ya kawaida, swali la pili lingekuwa watoto walikaa chini ya wingu lile kwa amri ya nani. Nikasema, "Mimi si mtaalamu wa mambo hayo." Wale watoto kumi waliobaki hakuna aliyewauliza, nao kwa kuniogopa hawakusema.

Otilia alipanda lori la mahindi siku ya tatu, na godoro lake, akateremkia Ilemba kule bondeni. Hakurudi. Rozina hakumtaja tena. Mimi nikaendelea kufundisha, nikapandishwa kuwa mwalimu mkuu, nikaimba kwaya. Kila Kwaresima niliingia kwenye kitubio nikaungama hasira na kiburi. Vilima viwili sikuviungama kamwe.

Nilipomaliza kuandika mkono ulikuwa umekufa ganzi. Sharon alirudi akausoma ukurasa amesimama. Alipomaliza hakuniangalia.

"Mama, nichape huu, au ule wa kwanza?"

"Wewe unaonaje?"

"Mama Winifrida ndiye anayekuogesha," alisema. "Mimi nina duka, siwezi kukaa huku. Akiacha kuja itakuwaje? Kwa nini usiuache tu, wakati yeye mwenyewe ameshapoa?"

Nampenda mwanangu, na alichosema kilinifurahisha, hilo ndilo lililonitisha. Nilifurahi kwamba kuna mtu ananipa ruhusa. Usingizi wangu wa wiki ile ulikuwa mfupi, na si kwa sababu ya mifupa. Kurasa zote mbili nilizilaza chini ya mto. Ukurasa mzuri ungempa Rozina mtoto na machozi yangu. Wa kweli ungempa mtoto, na dada, na ungenipokonya yeye. Otilia alikuwa bado hai, nilisikia kwa wachuuzi wa mpunga. Nikifa kimya, hao ndugu wawili watazikwa bila kuonana, na mimi nitasomewa misa nzuri.

Jumatatu asubuhi alikuja na ndoo yake.

"Mama Winifrida, weka maji chini kwanza. Ukurasa wako huu."

Nilimpa wa kweli, wa mkono. Alijifuta vidole kwenye kitenge, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Alisoma polepole, midomo inacheza. Maji yalikuwa yanatoa mvuke, nami nikayatazama mpaka mvuke ukaisha. Nilikuwa naogopa, na katika kuogopa kwangu nilikuwa bado najifikiria mimi, nani atanigeuza kitandani.

Alifika mwisho. Akarudi juu, akaweka kidole mahali.

"Alisema hivi?" aliuliza. "Winifrida? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Alisemaje? Soma wewe, ulimsikia."

Nikamsomea. Mwalimu, si ulitufundisha radi ikikaribia tusishike chuma wala tusikae mahali pa wazi. Akasema rudia. Nikarudia. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika, na yeye akasubiri, hakunisaidia.

"Alikuwa anashika masomo," alisema.

"Sana."

"Alikuwa na akili kuliko mwalimu wake."

"Ndiyo," nikasema.

Akaukunja ukurasa mara nne, akautia kwenye pindo la kitenge, akainuka. Ndoo aliiacha palepale.

Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Sharon alifunga duka akaja kunihudumia, na mikono yake ilikuwa laini na yenye haraka, na hakusema nilikwambia, ingawa ilikuwa imemjaa kooni. Wageni wa jogoo na mayai waliendelea kuuliza kama wamo. Niliwajibu wote kwa ukali nikaomba radhi kwa mmoja tu. Siku ya nne Alphonce aliniambia Mama Winifrida ameonekana stendi, amepanda gari la Sumbawanga, hana mzigo.

Asubuhi ya siku ya nane nilisikia ndoo ikigonga kizingiti.

Aliingia. Alikuwa amechoka, viatu vina vumbi jekundu la barabara ya bondeni. Hakunisalimia. Sharon alitaka kuipokea ndoo, Rozina akamwashiria kwa kichwa atupishe.

"Nimetoka Ilemba," alisema akilowesha kitambaa. "Amezeeka. Macho hayaoni vizuri. Nilimsomea mlangoni, kabla hajanikaribisha ndani. Akasema nirudie, nikarudia."

"Akasemaje?"

"Alilia kidogo. Halafu tukala. Nimelala kwake siku tatu." Alikikamua kitambaa. "Ukurasa umebaki kwake, hataki kuuachia. Kwa hiyo uandike mwingine, na jina lake liwe lote, Otilia, na kijiji alikofukuzwa, na mwaka."

"Nitaandika leo."

"Na ana swali. Amesema nikuulize. Kwa nini ulingoja mpaka uugue?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, mwalimu hakosi maneno: woga, kazi, mtoto mdogo wa kulea. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu.

"Sijui nimwambie nini," nikasema.

"Basi andika hivyohivyo."

Akanivua gauni taratibu, upande wa kidonda mwisho, kama alivyozoea. Maji yalikuwa ya moto kiasi kile ninachokipenda. Machozi yakanitoka, nikaanza kusema, "Mama Winifrida, naomba..."

"Sijakusamehe, Mwalimu," alisema. "Inua mkono."

Nikainua mkono.