Mnara Alioupanda Mjomba

Watu huniuliza nani alinitia ugonjwa huu wa kuzurura na kutazama nchi za watu. Huwa najibu kwamba nilizaliwa nao. Ni uongo. Niliupata nikiwa na miaka arobaini na mmoja, ugenini, katika chumba cha kufulia cha hoteli, na ulioniambukiza ni wivu. Nilimwonea wivu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mpaka nikawa nakula chakula bila kujua nimekula nini.

Tulikwenda huko pamoja kwa mkataba mmoja. Kazi yetu ilikuwa kwenye mashine kubwa ya kunyoosha mashuka. Mimi nashika kona mbili za shuka, yeye kona mbili, tunalivuta likae sawa, tunaliingiza kwenye rola la moto, tunachukua lingine. Kutwa nzima natazamana na shemeji. Hata mke na mume hawatazamani vile.

Mapumziko yalikuwa siku moja kwa wiki, na msimamizi hakutaka tupumzike siku moja, maana mashine ile ilikuwa na vituko na sisi tu ndio tuliovijua. Shemeji alipewa Jumanne, mimi Alhamisi. Basi tulinunua koti moja zito la baridi, la watu wawili. Ya nini mawili, na hatutoki pamoja? Ukweli ni kwamba Alhamisi koti lilibaki kwenye msumari, kwa sababu mimi nililala. Nilikuwa nasema, sikuvuka nchi kuja kutazama majumba ya wenyewe. Shemeji yeye Jumanne hakukaa. Alitoka asubuhi na mkate mfukoni, akarudi jioni masikio yamekufa ganzi, na mfukoni mna vipande vya tiketi. Kazini walimbatiza jina Mtalii.

Hayo yote yasingeniuma kama si simu ya Jumapili.

Tulipiga simu nyumbani kila Jumapili tukitoka zamu ya mchana, tumekaa kwenye kitanda kimoja, simu katikati yetu, sauti imefunguliwa. Ilikuwa simu ya vibonyezo, haina picha, ina tochi tu. Wanangu wakubwa walikuwa na mambo yao. Niliyemtaka ni Kitinda, binti yangu wa mwisho. Nilimwacha ana miaka miwili, sasa alikuwa na saba. Uso wangu hakuukumbuka. Kwake nilikuwa sauti tu, na sauti haimbebi mtoto begani. Nikiipoteza hiyo, nimempoteza yeye.

Na nilikuwa naipoteza. Sikilizeni mazungumzo yetu yalivyokuwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Ndiyo. Baba, mpe mjomba."

Kwisha. Mjomba anaisogeza simu, anakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. "Haya mama, kaa vizuri. Umekaa? Wiki hii nilikwenda kwenye mnara wa saa. Mnara huo, ukiwa juu, basi la abiria ni kama kiberiti. Watu ni siafu waliovaa kofia. Nikamwona siafu mmoja kofia yake imepeperushwa, anaifukuza, siafu wenzake wanamcheka."

Kule nyumbani kicheko kinapasuka. Nakitambua cha Kitinda katikati ya vyote, kina kwikwi mwishoni. Kicheko hicho sijawahi kukitoa mimi. Nimekaa hapohapo, goti langu linagusa goti la shemeji, namsikiliza mwanangu akifurahi na mtu mwingine.

"Na wewe, Baba Kitinda?" mke wangu anauliza. "Umekwenda wapi wiki hii?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Kaka naye si anafanya kazi hiyohiyo?"

"Kaka yako anaongeza chumvi. Hakuna mnara wa hivyo."

"Aisifuye mvua imemnyea, bwana. Wewe umelala, utajuaje?"

Nilijibiwa. Alhamisi iliyofuata nilitoa koti msumarini.

Sikwenda kutalii, nilikwenda kumkagua. Vile vipande vya tiketi mfukoni ndivyo vilivyoniongoza, maana majina ya mahali yaliandikwa humo. Nilianza na daraja la chuma. Kitinda alikuwa ameambiwa kwamba lina simba wanane wa mawe. Niliwahesabu: wanane. Nikawahesabu tena kwa upande wa pili, nikitumaini tisa. Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye jumba la mashine za kale, nikakuta treni ya moshi yenye magurudumu yanayonizidi kimo, sawasawa na alivyosema. Nilirudi nimenuna. Mtu mwongo ukimkuta anasema kweli, huwa inaudhi.

Wiki ya tatu nilikwenda kwenye mnara. Mlangoni kulikuwa na mama mnene mwenye miwani, muuza tiketi. Aliponiona alicheka hata kabla sijafungua mdomo.

"Leo utafika?" akaniuliza kwa lugha yao, ambayo nilikuwa naijua nusu.

"Nifike wapi?"

Akaisukuma miwani juu, akanitazama vizuri. "Samahani. Koti limenidanganya. Kuna bwana mmoja ana koti kama hilo, na kifungo cha juu ni cha rangi nyingine hivyohivyo. Huja hapa mara kwa mara. Hukata tiketi, hupanda ngazi kama ishirini, halafu hurudi ameukumbatia ukuta. Anaogopa kwenda juu, masikini. Hukaa kwenye benchi lile, kila anayeshuka humuuliza: umeona nini? Nimemwambia asikate tena tiketi kwa ajili ya kukaa kwenye benchi. Hataki."

Nilisimama pale nikalitazama benchi. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Kumbe huyu bwana anayesifu mvua yumo barazani, anawauliza waliolowa! Nilikata tiketi nikaanza kupanda nikicheka peke yangu. Ngazi mia mbili themanini na saba. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka ushahidi kamili: hii hakuiona, hii hakuiona.

Nilifika juu natweta, nikashika ukingo wa chuma, nikainua macho.

Sijui niseme nini. Mimi si msemaji. Mji ule nilikuwa nimekaa miaka mitano, na nilichokijua ni njia ya kutoka chumbani hadi kwenye mashuka. Kumbe ulikuwa na mto unaopinda kama mkono wa mtu aliyejilalia. Nilikuwa navuka madaraja mawili kila siku nikidhani ni mito miwili. Kumbe ni mmoja, umetuzunguka. Juu ya paa moja mwanamke alikuwa anamwagilia mboga alizopanda kwenye ndoo, na watu wote chini hawamjui. Mbali kidogo niliona uzi mweupe wa mvuke unatoka kwenye bomba, nikatazama sana, nikagundua ni bomba letu, la kufulia. Pale ndipo shemeji alipokuwa amesimama saa ile na kona zake mbili. Ulikuwa uzi tu. Nilitazama mpaka mlinzi akanigusa bega, akaniambia wanafunga.

Njiani kurudi nilikumbuka kwamba nilipanda kutafuta ushahidi. Basi nikauchukua, nikauweka kifuani mpaka Jumapili.

Jumapili shemeji alikuwa amekolea. "Kwa hiyo pale juu, mama, upepo unataka kukunyang'anya masharubu..."

"Kitinda," nikasema, "muulize mjomba wako, yeye mwenyewe amefika juu?"

Shemeji akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na ndugu yake.

"Mjomba?" ikaja sauti ndogo.

"Sijafika, mama," akasema shemeji. "Naogopa. Nikipanda kidogo miguu inagoma. Nakaa chini, nawauliza wanaoshuka."

Nikangoja. Nilijua mtoto atakasirika, atasema mjomba mwongo, kisha ataniuliza mimi.

"Hata mimi naogopa ngazi za shule," akasema Kitinda. "Mimi namshika dada sketi. Mjomba, usitazame chini. Tazama mgongo wa mtu." Halafu akapaza sauti: "Baba! Upo?"

"Nipo, mwanangu, nipo!"

"Mpandishe mjomba. Mshike mkono. Usimwachie."

"Sawa."

"Sema kweli."

"Kweli."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kuniita mwenyewe bila kusukumwa na mama yake. Na aliniita kwa ajili ya yule. Nilitaka kuitupa simu dirishani.

Haikupita muda mashine zote zikafungwa siku nzima, boila ya mvuke inakaguliwa. Sote tukawa huru siku moja. Nilimwachia shemeji koti, mimi nikavaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, nikawa kama gunia. Mama wa tiketi alipotuona wawili alipiga makofi.

Tulipanda. Nilimshika mkono kama nilivyoahidi, mkono uliolowa jasho kwenye baridi ile. Alitazama mgongo wangu kama alivyofundishwa.

"Bado ngazi ngapi, shemeji?"

"Kumi."

"Ulisema kumi kule chini."

"Zilikuwa kumi za kule. Hizi ni kumi za hapa."

"Nikifa utamwambia nini dada yangu?"

"Nitamwambia umefia utaliini."

Akacheka, lakini mkono wa pili haukuachana na ukuta. Kwenye ngazi ya mia na hamsini kuna mahali ukuta umeingia ndani, pana kidirisha. Hapo akakaa chini na hakuinuka tena. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Nenda wewe," akasema. "Uone, urudi unishike tushuke. Peke yangu siwezi kurudi."

"Dakika tano."

"Dakika tano."

Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Kuona hawakukutaja. Nilipofika juu ukungu ulikuwa unaondoka upande wa kaskazini, na nyuma ya mji, mahali ambapo siku zote nilidhani ni mawingu, kulikuwa na milima. Milima, miaka mitano, na mimi nimelala! Ilikuwa inatokea mmojammoja, kama watu wanaoingia chumbani kwa adabu. Nilitaka nione wa mwisho ni upi. Sikumkumbuka shemeji. Na hili ndilo linalonitia aibu hata leo: sikumkumbuka wala Kitinda. Saa kubwa ya mnara iligonga chini ya miguu yangu nikaruka, nikajua imepita saa nzima na zaidi.

Niliteremka mbio. Alikuwa palepale, watu wanamruka miguu, midomo imekauka.

"Nisamehe, shemeji, nilikuwa..."

"Nilikuwa nawauliza wanaoshuka," akasema. "Kama wamemwona mtu wa sweta tatu. Wakaniambia yupo, mzima, anacheka peke yake. Nikasema basi, mwacheni."

Angenitukana ningepona. Tulishuka, yeye amening'ang'ania bega. Hakuniuliza niliona nini, na mimi sikumwambia. Milima ile niliificha. Nilisema moyoni, hii ni yangu, hii hataipeleka kwenye simu.

Jumapili, kabla hata ya shikamoo, Kitinda akauliza: "Baba, ulimshika?"

Mimi nikavitazama vibonyezo vya simu. Shemeji akainama kwenye simu.

"Alinishika mpaka juu, mama. Hakuniachia hata kidogo. Bila baba yako ningekuwa bado nipo benchi."

Nilimtazama. Alikuwa anachuna uzi kwenye soksi yake, hanitazami. Hata hapo alinizidi. Nilikuwa nimemwonea wivu maneno yake, na kicheko cha mwanangu, na Jumanne zake. Sasa nikamwonea wivu wema wake, na huo sikuona ningeupata kwa tiketi gani.

"Asante, baba," akasema Kitinda.

"Mama," shemeji akaanza, "nikusimulie..."

"Mjomba, subiri kwanza. Nazungumza na baba."

Miaka mitano nilikuwa nangoja maneno hayo. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, mlipofika juu, mjomba alifanyaje?"

Mjomba hakufika juu. Juu kulikuwa kwangu, mahali pekee duniani ambapo shemeji hakuwa amesimama mbele yangu. Nikaona nikinyamaza ataaibika yeye au nitaaibika mimi, na mtoto atasema mpe mjomba, na safari hii simu haitarudi.

"Kwanza alifumba macho," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia, fumbua moja tu, la pili liwe akiba."

Kikatoka kile kicheko, na kwikwi yake mwishoni. Nilikitoa mimi. Shemeji aliacha soksi.

"Akafumbua?"

"Akafumbua. Nikamsogeza kwenye ukingo, upande wa kaskazini. Nikamwambia, shika hapa." Nilikiona kile chuma, mahali mikono yangu ilipokuwa, na nikaiweka mikono yake hapo.

"Akaona nini, baba?"

Roho iliniuma, lakini Kitinda alikuwa bado ananisikiliza, na shemeji ameinamia simu kuliko mtoto mwenyewe. Nikaitoa milima, mmojammoja, yote, nikampa shemeji.