Picha Iliyosomeka Sawasawa

Gari liliposimama, hakuna aliyepiga kelele. Kelele ilikuwa imeshapigwa, moja tu, ya Atupele, na baada ya hiyo ua mzima ulinyamaza hadi wakasikika kuku wakiparura nyuma ya choo. Kinu cha mkongo, kile kizito ambacho watu wawili hukihamisha kwa kukibingirisha, kilikuwa kimelala chini ya bampa ya nyuma. Upande wa pili wa kinu, hatua isiyotimia, alikuwa amekaa Stela, binti wa Atupele, mtoto wa miaka mitatu, na kijiko cha mbao mkononi. Hakulia. Alikitazama kinu, akalitazama gari, kisha akamtazama mama yake ili ajue kama hili ni jambo la kulia.

Fundi Calist alikuwa kwenye kiti cha abiria. Alikuwa ameona kila kitu, na hilo ndilo lililomgandisha mwili. Macho yake, sawa na ya dereva, yalikuwa kwenye kioo kipya cha dashibodi. Alimwona mtoto upande wa kulia wa picha. Akamwona Nesi Juliana akizungusha usukani kushoto ili amkwepe, akasema moyoni, vizuri. Lakini mtoto, badala ya kutoka kwenye picha, akaanza kukua. Nesi akazidi kukata kushoto, mtoto akazidi kukua, hadi uso wake ukakijaza kioo chote. Ndipo Atupele akapiga ule ukelele, Nesi akakanyaga breki, na kitu kikagonga nyuma.

Atupele alikuwa ameshamnyakua mtoto. Alimshika kichwa, akamshika miguu, akahesabu vidole kimoja kimoja kama anayehesabu mayai. Mumewe, Brighton, alifungua mlango wa dereva, akapenyeza mkono mbele ya mama yake, akazima injini na kuchomoa ufunguo. Nesi Juliana hakusogea. Mikono yake miwili ilikuwa bado imeukamata usukani.

"Nilimwona," alisema. "Nilimwona kulia. Nikaenda kushoto."

"Mama, mtoto alikuwa kushoto."

"Kulia, Brighton. Kwa macho yangu haya."

Brighton alitikisa kichwa. Alimgeukia Mzee Pazi, jirani aliyekuja kuona gari lenye televisheni, wakatazamana namna watu wanavyotazamana juu ya kichwa cha mgonjwa.

Nesi Juliana alikuwa na miaka sitini na sita. Alihamia Chole tangu ujana wake, akiwa muuguzi mpya kutoka bara, akaolewa hapohapo wilayani Kisarawe, akastaafu hapohapo. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu waligonga kwa Nesi kwanza, na Nesi alilaza kiti cha nyuma cha Probox yake nyeupe, akatandika godoro, akaendesha mpaka hospitali. Kisha pingili za shingo yake zikaanza kushikana. Daktari alimwambia asiigeuze shingo kwa nguvu, naye alimjibu kwamba hata kwa ulaini haigeuki. Mbele aliona vizuri. Nyuma ndiko kulikokuwa kumefungwa.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Calist, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, kutafuta kamera ya kumwonyesha nyuma. Calist hakuwa amesomea. Alianza kwa kufungua simu mbovu, akaendelea na redio za magari, na kompyuta alizijua kwa kusoma usiku na kuharibu mchana. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na daftari. Alipoletewa ile Probox alikaa ndani yake saa nzima bila kushika bisibisi, akiandika. Siku ya pili alitoa redio ya zamani, ile iliyokuwa ikisema Kijapani kila gari likiwashwa. Siku ya tatu aliweka nyuma ya dashibodi kompyuta yenye ukubwa wa kitambulisho, na mbele yake kioo cha kugusa cha inchi saba. Aliweka kifaa cha kushusha umeme wa betri, akaweka fyuzi, akafunga kila waya kwa utepe na kuuandikia jina. Kamera aliifunga juu ya namba ya nyuma. Daftari lilikuwa na mambo kumi na tisa ya kukagua, na yote kumi na tisa aliyawekea alama ya vema.

Jumamosi Nesi alikuja kuchukua gari, akamwomba Calist wafuatane hadi Chole. "Ukinielekeza mimi peke yangu nitasahau," alisema. "Waelekeze na wale wa nyumbani." Waliondoka gari likiwa tayari limetazama barabarani, kwa sababu Calist mwenyewe alikuwa ameligeuza. Njia nzima walikwenda mbele. Walipofika, Mzee Pazi aliuliza kwa sauti ya msiba, "Na yule mama wa Kijapani mmempeleka wapi? Miaka minne namwitikia marahaba." Watu walicheka. Atupele alikwenda jikoni kumpikia fundi chai. Nesi akasema, haya, ngoja nirudi nyuma mniangalie.

Hayo yalikuwa dakika kumi zilizopita.

Sasa Brighton alisimama katikati ya ua, ufunguo umefichwa ndani ya ngumi. Alikuwa karani wa ofisi mjini Dar, mtu mpole.

"Huu nakaa nao mimi," alisema. "Jumatatu naondoka na gari. Mama, nisamehe. Umri umefika."

"Na mke wa Mwinyimadi?" Nesi aliuliza. Alikuwa ameshuka, ameegemea mlango. "Anatimiza miezi tisa wiki hii. Mtoto amekaa vibaya. Atapelekwa na nani?"

"Watatafuta bodaboda."

"Mjamzito wa mtoto aliyekaa vibaya, bodaboda?"

"Mama! Umetaka kumkanyaga mjukuu wako! Hujui tena kulia na kushoto!"

Neno hilo lilipotoka, hata aliyelisema alishtuka. Kisha Brighton akamgeukia Calist, na sauti yake ikawa ya adabu.

"Fundi, usijisikie vibaya. Kazi yako nimeiona, haina kasoro. Tatizo siyo kioo."

Calist aliitikia kwa kichwa. Kwake yeye jambo lisilokaguliwa halikuwa bado jambo. Alikwenda nyuma ya gari, akakitazama kinu. Kilikuwa upande wa kushoto. Alirudi akaketi kwenye kiti cha abiria. Kompyuta ilikuwa haijazimika, maana alikuwa ameiwekea dakika tano za kujifunga taratibu baada ya ufunguo kutolewa, na picha ya nyuma ilikuwa bado iko hai. Kinu kilikuwa kwenye picha, kimelala. Upande wa kulia.

Alitoa kichwa dirishani. Kinu kilikuwa upande wake, kushoto. Alirudisha kichwa ndani. Kulia. Alirudia mara ya tatu, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Nyuma ya kinu palikuwa na ndoo tupu ya rangi, na maandishi yake yalisomeka kwenye kioo vizuri kabisa, herufi kwa herufi, kama kitabu. Alipoyasoma, akakumbuka.

Ilikuwa Jumatano, karakana kwake. Alipowasha kamera kwa mara ya kwanza, picha ilikuja na bango la duka lake limeandikwa kinyumenyume. Jabiri, muuza matairi wa jirani, alichungulia akacheka: "Fundi, gari lako linasoma kama kioo cha kinyozi!" Calist naye alitabasamu. Aliona ni kasoro. Alitafuta mahali pa kuigeuza picha, akaigeuza, bango likasomeka sawasawa, naye akaweka alama ya vema kwenye namba kumi na nne: *Picha isomeke.*

Kamera ilikuwa sahihi. Ilitengenezwa ionyeshe kama kioo, kwa sababu dereva amezoea kutazama nyuma kwa vioo: kilicho kulia kwake akione kulia, kilicho kushoto akione kushoto. Picha inayosomeka ndiyo iliyokuwa ya uongo. Yeye, kwa mkono wake, kwa utaratibu wake wote, alikuwa amebadilisha kulia kuwa kushoto, kisha akalikabidhi gari kwa mwanamke asiyeweza kugeuka kuhakikisha.

Aliketi. Nje, Brighton alikuwa akizungumza na Mzee Pazi kwa sauti ya chini juu ya kuuza gari. Hakuna mtu yeyote katika ule ua aliyejua. Dakika mbili zaidi kompyuta ingezimika. Gari lingekwenda Dar, kioo kingeng'olewa na mtu mwingine, na kazi ya Calist ingebaki haina kasoro.

"Labda kweli," alimsikia Nesi akisema, si kwa mtu fulani. Alikuwa anaitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, kama vitu alivyopewa amtunzie mwingine. "Labda nimefika huko. Mtu hajui siku anapofika."

Calist alishuka.

"Hujafika, mama," alisema. "Hujakosea. Mtoto ulimwona kulia kwa sababu nilikuonyesha kulia."

Brighton aligeuka. "Unasema nini?"

"Njoo ukae hapa, kaka. Tafadhali, kabla hakijazima. Mzee Pazi, nakuomba usimame penye kinu."

Mzee Pazi alikwenda, akasimama, akashika kiuno. Brighton aliingia kwenye kiti cha dereva. Alitazama kioo. Akageuza kichwa akamtazama Mzee Pazi nyuma, kushoto. Akatazama tena kioo. Ilimchukua muda, na Calist aliuona ukweli ukimjia usoni, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Yupo kulia," Brighton alisema.

"Ndiyo."

"Lakini yupo kushoto."

"Ndiyo. Niliigeuza picha. Nilidhani naitengeneza."

Brighton alitoka kwenye gari, akamkamata Calist shati kifuani. Hakumpiga. Alimshika tu, wakasimama hivyo, na Calist hakuinua mikono. Mzee Pazi alisema, "Taratibu, mwanangu, taratibu," bila kutoka pale penye kinu, kana kwamba bado hajaruhusiwa.

Aliyesema ni Atupele. Alikuwa amembana mtoto kifuani, na mgongoni mwake moshi wa jikoni ulikuwa unatoka.

"Nilikuwa nakupikia chai," alisema.

Calist angependelea kupigwa.

Brighton alipomwachia, Calist aliingia kwenye gari na kugusa kioo mara tatu. Palikuwa na mstari mmoja wa maagizo, *picha kama kioo*, na mwisho wake neno moja, *hapana*. Aliliandika *ndiyo*. Kwenye picha, Mzee Pazi akaruka kutoka kulia kwenda kushoto, akakaa mahali alipokuwa kweli, na maandishi ya ndoo yakageuka kinyumenyume. Yote hayo hayakuchukua hata pumzi moja. Calist aliutazama mkono wake. Alikuwa amejiandaa kwa kosa kubwa, la waya kuungua au betri kulipuka. Hakuwa amejua kwamba kosa la kuua mtoto linaweza kuwa dogo kiasi hicho.

Nesi Juliana alikuwa amesogea dirishani.

"Gari ulilijaribu?"

"Nililijaribu, mama. Mara nyingi."

"Ulipokuwa unarudi nyuma, ulitazama wapi?"

Calist alifikiri. Hakutaka kujibu haraka, na alipopata jibu hakutaka kulitoa.

"Niligeuza shingo."

Nesi aliitikia polepole, kwa macho tu. "Kwa hiyo umempima mgonjwa homa kwa kushika paji la uso wako mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Hakumtukana, wala hakumwambia amemsamehe. Alinyoosha mkono kwa mwanawe.

"Ufunguo."

"Mama, tafadhali. Leo hapana. Tazama mikono yako inavyotetemeka."

"Itatetemeka zaidi kesho nikilala nayo hivi. Brighton, nimekuomba au nimekuambia?"

Brighton alimtazama mkewe. Atupele hakumsaidia. Brighton akautoa ufunguo, ulikuwa umelowa jasho, akauweka kiganjani mwa mama yake. Kisha yeye na Mzee Pazi walikiinua kinu wakakibingirisha hadi ukutani. Atupele aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango, na komeo likasikika.

Nesi alipanda, akajifunga mkanda, akalisogeza gari mbele mpaka pale lilipokuwa mwanzo. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Fundi, nenda kasimame pale alipokaa Stela."

"Mama!" Brighton alisema.

"Sijasema nawe."

Calist alikwenda. Kijiko cha mbao kilikuwa bado chini mchangani. Alikiokota kwa sababu hakutaka kukikanyaga, akabaki nacho. Alikuwa na uhakika na lile neno aliloliandika. Alikuwa na uhakika Jumatano pia. Taa nyeupe ya nyuma iliwaka. Injini ilinguruma, na Probox ikaanza kumjia, jicho dogo la kamera likimtazama juu ya namba. Hakusogea. Gari lilikuja moja kwa moja, likaja, hadi akahisi joto la bomba la moshi kwenye suruali, kisha mkia wake ukaanza kukata kwenda upande ule mwingine, mbali naye, polepole, ukampita na kuacha nafasi ya mtu kulala.

Breki. Vumbi lilimfikia usoni na hakulifuta.

Sauti ya Nesi ilitoka dirishani, kavu, ya mtu aliye kazini.

"Sasa upande wa pili."

Calist alivuka.